Abate Gregor Mendel, Mtawa Aliyechunguza Urithi wa Viumbe



Mkazi wa Segerea hahitaji kuelezwa panya ni nani. Hutoboa magunia ya mchele majumbani, na hata sisi tulioandaliwa kwa upadre katika Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga tuliishi naye kama jirani. Wachache wanajua kwamba sayansi ya urithi nusura ianzie kwa mnyama huyu, katika chumba cha mtawa mmoja Mkatoliki.

Johann Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa vibaya na gogo, na masomo ya kijana yakawa mashakani. Dada yake mdogo, Theresia, alijinyima sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake aendelee kusoma. Mwaka 1843 Mendel alipokelewa katika monasteri ya Waagustino ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alipata daraja takatifu ya upadre mwaka 1847.

Kuwahudumia wagonjwa kulimwelemea moyo hata mwenyewe akaugua. Abate wake, Cyril Napp, akampeleka kufundisha shule. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Akasomeshwa Chuo Kikuu cha Vienna, akaurudia mtihani mwaka 1856, na safari hiyo pia hakufaulu. Hata hivyo aliendelea kufundisha kwa unyenyekevu miaka mingi.

Inasimuliwa kwamba alianza kwa kufuga panya chumbani, akiwazalisha weupe na wa kijivu pamoja, lakini askofu hakupendezwa na mtawa kufanya kazi hiyo. Mendel alitii, akahamia kwenye njegere bustanini. Kati ya 1856 na 1863 alichunguza mimea ipatayo 28,000. Aliona kwamba kila mzazi, wa kiume na wa kike, huchangia sawa, na kwamba sifa inayojificha katika kizazi cha kwanza huibuka tena katika cha pili, kwa wastani wa mmea mmoja kati ya minne. Aliyasoma matokeo hayo mbele ya wanasayansi wa Brno mwaka 1865, yakachapishwa mwaka uliofuata, na karibu hakuna aliyeyajali.

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate. Shughuli za utawala na mgogoro na serikali kuhusu kodi vilimaliza nguvu zake. Lakini fadhila ya dada yake hakuisahau: aliwasaidia watoto wa Theresia kusoma. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Ni mwaka 1900 tu ndipo wataalamu walipoifufua kazi yake, na mwaka 1902 Lucien Cuénot wa Ufaransa akaonesha kwamba kanuni zilezile zinafanya kazi kwa panya.

Panya alikuwa na fumbo jingine. Urithi hubebwa na nyuzi ndogo sana ndani ya seli, ziitwazo kromosomu, na panya wa nyumbani kwa kawaida ana 40. Mwaka 1969 Alfred Gropp na wenzake walieleza habari za panya wa bonde la Poschiavo, Uswisi, wenye 26. Katika kisiwa cha Madeira wapo wenye 22. Urithi wao haukupungua. Kromosomu zilikuwa zimeungana mbilimbili. Panya hao ni wazima na huzaana vizuri wao kwa wao. Wakichanganyika na wenye 40, wazao wao mara nyingi hupata shida ya kuzaa, kwa sababu kromosomu hazigawanyiki sawasawa.

Muungano wa namna hii hutokea pia kwa binadamu, takriban mtu mmoja kati ya 1,000. Mtu huyo, mume au mke, ana kromosomu 45 badala ya 46, ni mzima, na huenda asijue kamwe. Lakini baadhi yao hupatwa na mimba kuharibika mara kwa mara, au huzaa mtoto mwenye kromosomu ya ziada.

Katika jumuiya zetu, mimba zinapoharibika kidole huelekezwa kwa mke. Ndugu hunong'ona juu ya laana, wengine hukimbilia kwa waganga, na ndoa takatifu hutikiswa. Sababu za mimba kuharibika ni nyingi, na hii ni moja tu kati yake. Basi mume na mke waende hospitali pamoja, wapimwe wote wawili, na jumuiya iwatembelee kwa sala bila kuuliza nani mwenye kosa. Mtawa wa Brno alitumia miaka minane bustanini kabla ya kusema neno juu ya urithi wa njegere. Nasi tusiwe wepesi kumhukumu mama anayelia.