Mtakatifu Mathayo, Msimamizi wa Kwaya Yetu

Katika miaka 25 ya kuimba pamoja, wengi wametuuliza kwa nini kwaya yetu ilichukua jina la mtoza ushuru. Tumeona vyema, katika Yubilei hii, tuyasimulie maisha yake kwa ufupi.

Mathayo, ambaye Marko na Luka wanamwita Lawi, alikuwa Myahudi aliyefanya kazi forodhani Kapernaumu, mji wa wavuvi kando ya Ziwa la Galilaya. Galilaya ilitawaliwa na Herode Antipa chini ya Warumi, na watoza ushuru walichukiwa kwa kutoza kupita kiasi. Yesu alipopita alimwita, naye akainuka akaiacha kazi yake. Kisha akaandaa karamu, watoza ushuru wenzake wakala pamoja na Yesu, na Mafarisayo wakanung'unika.

Mapokeo ya Kanisa tangu karne ya 2 yanamtaja kuwa mwandishi wa Injili ya kwanza. Wataalamu wengi wa siku hizi huona kwamba iliandikwa kwa Kigiriki, baada ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70. Hata hivyo, mizizi yake ni ya Kiyahudi. Inaanza na ukoo wa Yesu kutoka kwa Ibrahimu, uliopangwa vizazi 14 mara tatu; na herufi za jina la Daudi kwa Kiebrania, zikihesabiwa kama tarakimu, jumla yake ni 14. Mafundisho ya Yesu yamekusanywa katika hotuba kuu 5, nazo huwakumbusha wengi vitabu 5 vya Musa. Marko anaeleza desturi ya kunawa mikono kabla ya kula. Mathayo haelezi, kana kwamba wasomaji wake waliijua tangu utotoni.

Sisi waimbaji tuna deni zaidi. Mathayo anasimulia kwamba baada ya karamu ya Pasaka, Yesu na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakaenda Mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Kiyahudi, zaburi za Pasaka ni ya 113 hadi 118. Amina, haleluya na hosana tunazoimba kila Jumapili zimetoka katika Kiebrania. Basi anayewadharau Wayahudi anadharau chemchemi anayoinywea.

Nasi tuna la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita, ndugu mmoja aliyekuwa akitoza ushuru sokoni aliomba kujiunga nasi. Baadhi yetu tulinong'ona, tukamsubirisha majuma mengi, huku sare zetu zina jina la Mathayo kifuani. Leo yeye ndiye nguzo ya besi, na alitusamehe bila kutudai chochote.

Sikukuu ya msimamizi wetu ni tarehe 21 Septemba. Leo, tutakapoketi kula baada ya Misa, tusogeze viti, na yule tusiyemzoea apate nafasi.