SULTANI SALAHUDDIN NA VITA VYA AKKA

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, haya ni maelezo machache ya maisha ya Sultani Salahuddin Yusuf bin Ayyub, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wengi humjua kwa siku ya Hittin na kwa kuirudisha Baitul Muqaddas. Wal'akini walio wachache ndio wajuao dhiki aliyoiona baada ya ushindi huo, alipofungwa na vita visivyokwisha mbele ya mji mmoja wa pwani. Na humo ndimo mna mazingatio makubwa zaidi.

Salahuddin alizaliwa Tikrit, katika nchi ya Iraqi, mwaka 532 wa Hijra, naye asili yake ni Mkurdi. Alipata uwaziri wa Misri mwaka 564 (1169), akaingia Damaski mwaka 570 (1174), kisha akautwaa mji wa Halab mwaka 579 (1183). Miaka mingi ilipita katika kuwakusanya Waislamu chini ya bendera moja, kwani kabla yake killa amiri alikuwa na ngome yake na shauri lake.

Mwezi 24 Rabiul Akhir mwaka 583 (4 Julai 1187) aliwavunja Maifranji huko Hittin, akamteka mfalme wao Guy. Mwezi 27 Rajab akaingia Baitul Muqaddas, iliyokuwa mikononi mwao kwa miaka themanini na minane ya jua. Miji mingi ya pwani ilimwangukia mmoja baada ya mmoja, lakini mji wa Sur haukuanguka. Watu wa miji iliyofunguliwa aliwapa amani, akawaacha waende zao, na wengi wao walikimbilia Sur. Hata mji ule ukajaa wapiganaji. Alipouhusuru mwisho wa mwaka ule, merikebu zake tano zilitekwa usiku, baridi ikazidi, na maamiri wakataka kurejea makwao. Akaondoka, na mlango ule ukabaki wazi kwa maadui waliokuja baadaye.

Mwezi wa Rajab mwaka 585 (Agosti 1189) mfalme Guy, aliyefunguliwa baada ya kuapa kwamba hatapigana tena, alitoka Sur akaja kuuzunguka mji wa Akka. Salahuddin akaja upesi kwa nyuma, akawazunguka hao waliouzunguka mji. Maifranji wakachimba handaki na kuinua boma, mbele na nyuma. Ikawa Waislamu wa mjini hawawezi kutoka, Maifranji hawawezi kuingia, na Sultani hawezi kuwang'oa. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili.

Katika vita vya namna hii, upanga hauli watu peke yake. Baada ya mapigano makubwa ya Oktoba 1189, mizoga iliharibu hewa, Sultani mwenyewe akashikwa na maradhi, na jeshi likarudi nyuma hata Kharruba. Maifranji wakapata nafasi ya kuyaimarisha maboma yao. Askari wa Salahuddin hawakuwa watu wa mshahara wa mwezi kwa mwezi. Wengi waliishi kwa mazao ya mashamba waliyopewa, na mashamba hayo yalikuwa mbali, Misri na Jazira na pande za Mosul. Killa baridi ilipokuja waliomba ruhusa, na killa masika walichelewa kurudi. Adui naye alikuwa akiletewa watu na vyakula kwa bahari.

Kwani bahari ndiyo iliyokuwa kufuli ya mji ule. Mwaka 586 (1190) jahazi moja kutoka Beirut ilipita katikati ya merikebu za adui kwa hila: mabaharia walinyoa ndevu, wakavaa mavazi ya Kiifranji, wakaweka nguruwe juu ya sitaha, wakaingia Akka na shehena ya ngano, jibini, vitunguu na kondoo. Alikuwako mwogeleaji mmoja, jina lake Isa, aliyekuwa akipiga mbizi usiku chini ya merikebu za adui, amejifunga kiunoni dhahabu ya mishahara na barua. Usiku mmoja hakufika. Baada ya siku chache bahari ikautupa mwili wake pwani ya Akka, na dhahabu yote imo kiunoni. Alitimiza amana yake naye ni maiti.

Sultani alimwandikia mfalme wa Maghrib, Yaaqub al-Mansur, kumwomba msaada wa merikebu, wala hakuupata. Mfalme wa Wajarumani, Frederick, aliyekuwa akija na jeshi kubwa, alikufa maji njiani mwezi wa Juni 1190, na hiyo ilikuwa faraja. Lakini faraja haikuwa mwisho wa vita. Mapema mwaka 1191 alitaka kuwapumzisha waliochoka mjini: wakatoka maamiri sitini, wakaingia ishirini tu, nao hawakuwa na maarifa ya wale waliotoka. Mwezi wa Juni akafika Richard, mfalme wa Uingereza. Siku hizo merikebu kubwa kutoka Beirut, yenye watu wapata mia sita na hamsini, ilizungukwa baharini. Nahodha wake, Yaaqub wa Halab, alipoona hapana njia, aliitoboa ikazama na vyote vilivyomo, visiingie mkononi mwa adui.

Mwezi 17 Jumadal Akhir mwaka 587 (12 Julai 1191) watu wa Akka walisalimu amri bila ya idhini ya Sultani. Fidia iliyowekwa ilikuwa dinari laki mbili pamoja na mateka, nayo khazina ilikuwa imekauka. Yakatokea mabishano juu ya malipo, na mwezi 20 Agosti Richard akawaua mateka wapata elfu mbili na mia saba nje ya mji. Sultani naye akawaua baadhi ya mateka wake. Hivyo ndivyo vita virefu vinavyoondoa huruma hata katika moyo uliojulikana kwa huruma.

Pigo kubwa kuliko kuanguka kwa mji lilikuwa hofu iliyobaki nyoyoni. Sultani alipotaka kuulinda mji wa Asqalan, maamiri walikataa kuingia ndani ya kuta zake, ila aingie pamoja nao yeye au mmoja wa wanawe, wasije wakapatwa na yaliyowapata watu wa Akka. Akalazimika kuubomoa mji wake kwa mikono yake, na wenyeji wakauza vyombo vyao kwa thamani duni wakahama. Mwaka 588 (1192), mbele ya Yafa, aliamuru jeshi lishambulie, nalo likasimama. Askari waliona wamenyimwa ngawira, nao walikuwa wamechoka.

Richard naye alikuwa mgonjwa, na ufalme wake ulikuwa hatarini. Basi mwezi 22 Shaaban mwaka 588 (2 Septemba 1192) ikafungwa sulhu ya miaka mitatu na miezi minane. Maifranji walibaki na pwani toka Sur hata Yafa. Baitul Muqaddas ikabaki kwa Waislamu, na Manasara wakapewa ruhusa ya kuizuru kwa amani. Sultani hakuipenda sulhu ile, kwani aliogopa adui asije akapata nguvu baada ya kufa kwake. Lakini aliwatazama watu wake akaona hawana tena cha kutoa.

Alitaka kwenda kuhiji, hakujaaliwa. Alilipa siku za Ramadhani zilizompita kwa vita na maradhi, akarejea Damaski, akafa mwezi 27 Safar mwaka 589 (4 Machi 1193). Katika khazina yake, yeye aliyetawala Misri na Sham, zilipatikana dirhamu arubaini na saba na dinari moja ya dhahabu. Baada yake wanawe waligombana, na kabla haijapita miaka kumi ndugu yake al-Adil alikuwa ameutwaa ufalme.

Mwenye akili na azingatie. Ushindi wa Hittin ulipatikana kwa siku moja, na kuuhifadhi kukala mali, watu, na umri wa mtu mwenyewe. Jeshi likichoka, amri ya mfalme haina nguvu. Na sulhu inayohifadhi kilicho kikubwa ni bora kuliko vita vinavyopoteza vyote. Mwenyezi Mungu amrehemu Salahuddin na amlipe kheri. Amin.