Yusuf bin Hasan wa Mombasa: Kisasi kilichobaki moyoni

Kila mwaka katika kesha la Pasaka tunarudia ahadi zetu za ubatizo na kumkataa Shetani na mambo yake yote. Ulimi hukataa upesi, moyo huchelewa. Historia ya pwani yetu ya kaskazini inatupatia mfano mchungu wa jambo hili katika maisha ya Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa.

Yusuf alikuwa bado mtoto wakati baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, alipogombana na kapteni Mreno wa Ngome ya Yesu. Mwaka 1614 Sultani alikimbilia bara, na huko akauawa na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, India. Mtoto naye akapelekwa huko huko, akalelewa na Mapadre Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Alitumikia katika merikebu za Wareno, akaoa mke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme.

Kwa nje uongofu wake ulikuwa umekamilika. Lakini usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la baba yake na kusali huko kwa desturi ya Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Kabla hajakamatwa, tarehe 16 Agosti 1631, Yusuf aliingia Ngomeni na kumuua kapteni huyo. Siku zilizofuata Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliuawa kwa kukataa kuiacha imani yao. Hao ndio Mashahidi wa Mombasa.

Tusikosee hapa. Kumlilia baba si dhambi, wala hatuandiki haya kuwashutumu ndugu zetu Waislamu tunaoishi nao mtaa mmoja hapa Tanga. Dhambi ya Yusuf ilikuwa kisasi kilichowaangukia hata wasio na hatia. Wareno nao walikuwa na dhambi yao: damu ya Sultani iliyomwagwa kwa malipo. Dhambi isiyotubiwa upande mmoja ilizaa dhambi upande wa pili.

Na kisasi hakikumpa pumziko. Mwaka 1632 aliwashinda Wareno waliotumwa kutoka Goa, lakini mwaka huo huo akauacha mji wake, akawa haramia baharini. Aliuawa katika Bahari ya Shamu mwaka 1638.

Ndugu zangu, ni mara ngapi tunaungama maneno makali ya juma hili, huku tukimficha ndani yule ndugu aliyetudhulumu shamba miaka ishirini iliyopita? Huko ni kukata matawi na kuacha kisiki. Mvua ya kwanza ikinyesha, kinachipua. Kuiacha dhambi kweli ni kuitaja kwa jina lake mbele ya padre, kurudisha tulichochukua, na kumwombea mema aliyetujeruhi, hata kama moyo bado unauma. Hayo si ya siku moja. Tutaanguka, nasi tutarudi tena katika Sakramenti ya Upatanisho, kwa maana Kristo hachoki kutupokea. Ila tumpelekee kidonda chenyewe, si kitambaa tulichokifunikia.