MAISHA YA ODILON REDON, MCHORAJI WA MAKAA NA CHAKI

Katika wachoraji wa Ulaya walioitwa wachoraji wa ishara, yaani wale waliochora mti au bahari ili kuonyesha jambo la moyoni, yumo Odilon Redon. Alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, tarehe 20 Aprili, 1840. Kwa kuwa alikuwa mtoto dhaifu, alipelekwa kulelewa katika shamba la Peyrelebade, penye mizabibu na uwanda mpana. Baba yake alikuwa akimwonyesha mawingu na maumbo ya ajabu yaliyomo.

Alipopata miaka 15 alianza kufundishwa kuchora na Stanislas Gorin. Baba alitaka awe msanifu wa majumba, lakini mwaka 1862 kijana akashindwa katika mtihani. Mwaka 1864 akaenda Paris kujifunza kwa Jean-Léon Gérôme, mchoraji mwenye sifa kubwa. Hawakupatana: mwalimu alitaka mistari kamili, na mwanafunzi alipenda vivuli. Basi akarudi Bordeaux, na Rodolphe Bresdin, maskini lakini fundi hodari, akamfundisha kuchora juu ya bamba la shaba.

Huko Redon aliinakili picha kubwa ya Eugène Delacroix ya mawindo ya simba. Kazi hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1870 moto uliiunguza picha ile, sehemu ya juu ikateketea. Leo atakaye kujua sehemu ile ilikuwaje huitazama nakala ya Redon.

Mwaka huo huo akaenda vitani. Baada ya vita alichora miaka mingi hasa kwa makaa meusi. Mwaka 1880 alimwoa Camille Falte, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1886 mtoto wao wa kwanza, Jean, akafa angali mchanga. Wa pili, Ari, alizaliwa 1889. Katika miaka iliyofuata rangi zikaingia katika kazi yake.

Alipenda chaki laini iitwayo pasteli, nayo ni unga wa rangi uliotiwa gundi kidogo na kufanywa vijiti. Haina haja ya brashi wala ya kungoja ikauke. Mchoraji huweza kuanza na giza, akaweka mwanga juu yake, akasugua kwa kidole mahali pa ukungu. Karatasi yafaa iwe na mikwaruzo ili unga ushike, na picha hulindwa kwa kioo, maana hufutika upesi.

Kwa chaki hizo alirudia mambo mengi aliyoyachora zamani kwa makaa, lakini hakuyafuata mstari kwa mstari. Desturi yake ilikuwa kuchora kwanza jiwe au jani kwa uangalifu sana, hata moyo ukaamka. Ndipo akachora yasiyoonekana. Shamba la Peyrelebade liliuzwa mwaka 1897, lakini hakuna aliyeweza kumnyang'anya mawingu yake.

Mwaka 1903 serikali ilimpa nishani, na mwaka 1913 picha zake nyingi zilionyeshwa New York. Alikufa Paris tarehe 6 Julai, 1916, akingojea habari za Ari aliyekuwa vitani.

Wanafunzi wenzangu wa Area 18 na wa Dzaleka, makaa hayakosekani kwetu, na chaki ipo. Nakilini kwanza kwa uaminifu. Kisha fumbeni macho, mchore nchi mnayoikumbuka.