Homer Dudley, mhandisi aliyetenganisha neno na sauti

Wanamuziki wengi leo huifanya sauti ya mtu iimbe kama kinanda kwa kutumia programu ya kompyuta. Athari hiyo huitwa vokoda, na aliyeibuni hakuwa mwanamuziki. Homer Dudley, mhandisi wa Marekani, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1896 na kufariki dunia tarehe 18 Septemba 1980. Kwa miongo kadhaa alifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, na swali lililomshughulisha lilihusu gharama: maneno ya mtu yatapitaje katika waya usioweza kubeba mengi?

Katika miaka ya 1920 nyaya za telegrafu zilikuwa zimelazwa chini ya bahari ya Atlantiki zamani, lakini hazikuweza kubeba mazungumzo, kwa kuwa sauti ya binadamu huhitaji masafa mapana. Dudley akatambua kwamba koo hutoa mlio tu. Maneno huundwa na midomo, ulimi na taya, na viungo hivyo husogea polepole mno vikilinganishwa na mitetemo ya sauti. Basi hapana haja ya kuusafirisha mlio wenyewe. Yatosha kupeleka habari za miendo hiyo, kisha mashine ya upande wa pili itoe mlio wake na kuuunda upya kuwa maneno.

Ndivyo ilivyozaliwa vokoda. Vichujio viliigawa sauti ya msemaji katika mikanda ya masafa, vikapima nguvu ya kila mkanda, na vipimo hivyo ndivyo vilivyosafirishwa. Dudley alipewa hataza mwaka 1939. Mwaka huohuo mashine yake nyingine, Voder, ilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia mjini New York. Hiyo haikuhitaji msemaji: opereta alibonyeza vitufe na kukanyaga pedali, nayo ikatamka sentensi. Kuimudu kulihitaji mazoezi ya karibu mwaka mzima.

Vita Kuu ya Pili ikaipa vokoda kazi nyingine. Kwa kuwa ilikwisha kuipunguza sauti kuwa vipimo vichache, vipimo hivyo viliweza kugeuzwa tarakimu na kuchanganywa na kelele zilizorekodiwa kwenye sahani za santuri, ambazo nakala zake zilikuwa kwa mpokeaji peke yake. Mtambo huo, SIGSALY, ulianza kazi Julai 1943 kati ya Washington na London. Kila kituo kilikuwa na uzito wa takriban tani 50, na sehemu ya mtambo wa London ilifichwa chini ya duka la Selfridges. Siri yake ilifichuliwa mwaka 1976, miaka minne tu kabla ya kifo cha Dudley.

Njia ya kuelekea kwenye muziki ilifunguka mwaka 1948, Dudley alipomwonyesha vokoda Werner Meyer-Eppler, mwanazuoni wa Bonn aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa muziki wa elektroniki nchini Ujerumani. Wendy Carlos aliitumia katika muziki wa filamu ya mwaka 1971, A Clockwork Orange, na Kraftwerk katika albamu yao Autobahn ya mwaka 1974.

Programu za leo zingali zikifuata hesabu ya Dudley. Huhitaji sauti mbili: ya msemaji, inayoleta maneno, na ya ala, inayoleta noti. Kwa hiyo msemaji halazimiki kuimba kwa ufasaha, bali hulazimika kutamka wazi. Ala nayo iwe yenye mlio mzito uliojaa, kwani mlio mwembamba kama wa filimbi huviacha vichujio bila cha kuchonga. Na herufi kama s na sh hazitoki kooni, bali ni mvumo wa hewa mdomoni. Dudley alizitengea chanzo cha kelele ndani ya mashine yake. Mtayarishaji anayesahau kuongeza kelele hiyo husikia wimbo mtamu usioeleweka.

Hata simu za mkononi huibana sauti kwa kanuni iliyotokana na wazo hilohilo la kutenganisha mlio na umbo la neno. Kuokoa nafasi katika njia ya mawasiliano, jambo alilolikusudia Dudley tangu mwanzo, sasa hufanyika kila mtu anapopiga simu.