Wild Bill Hickok: karata, zahabu na kichwa kilichotulia

Wandugu wasomaji, wengi wetu tumemuona huyu mutu mu filamu za kauboyi: nywele ndefu, bastola mbili kiunoni. Sisi wa sendika tunamuleta hapa juu ya jambo lingine. Alikuwa muchezaji wa karata, na alikufa mu kambi ya wachimba zahabu, mahali panapofanana sana na machimbo yetu.

James Butler Hickok alizaliwa tarehe 27 ya mwezi wa tano 1837, mu kijiji cha Homer, jimbo la Illinois, kule Marekani. Alitoka kwao angali kijana, akaenda Kansas, akaendesha magari ya farasi. Vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861, alitumikia upande wa Kaskazini kama mupelelezi.

Vita ilipoisha, karata zikamuletea shida ya kwanza. Ilikuwa Springfield, jimbo la Missouri, mwezi wa saba 1865. Davis Tutt alimudai deni la karata: Tutt alisema ni dola 35, Hickok alisema ni 25. Tutt akakamata saa yake ya zahabu kama rehani. Hickok alimukataza kutembea nayo mbele ya watu. Tarehe 21, Tutt akatokea nayo pale uwanjani. Walisimama mbali kama metre 70, wakapiga karibu mara moja. Risasi ya Tutt ilipotea, ya Hickok ikamuingia mbavuni. Tribinali ikamuachilia Hickok. Watu wakasifu mukono wake. Lakini tuhesabu vizuri: dola 10 za ubishi, mutu mumoja kaburini.

Mu 1871 alikuwa mukubwa wa polisi mu muji wa Abilene. Usiku wa tarehe 5 ya mwezi wa kumi kulikuwa fujo. Alimupiga Phil Coe, halafu akasikia mutu anakuja mbio, akageuka, akapiga tena. Yule alikuwa Mike Williams, rafiki yake, aliyekuwa anakuja kumusaidia. Mukono ulikuwa mwepesi kama siku zote. Kichwa ndicho hakikupewa nafasi ya kuangalia. Mbele ya mwaka kuisha, muji ukamuondoa kazini.

Kisha hapo maisha yakashuka. Alijaribu teatro, haikumufaa. Macho yakaanza kuzoofika. Aliishi kwa karata. Mwezi wa tatu 1876 alimuoa Agnes Lake, mama mwenye sirki, halafu akaenda kutafuta pesa Deadwood, mu milima ya Black Hills. Inchi ile ilikuwa ya Walakota kwa mukataba wa 1868, lakini zahabu ilipoonekana, wachimbaji wakaivamia. Bar zilijaa, na kila jioni zahabu ya muchana ilipita mezani.

Poka si bahati tu. Unaficha karata zako, unasoma uso wa wenzako, na unaweza kutupa karata mbaya mbele hujapoteza zaidi. Kujua wakati wa kuacha ndiyo nusu ya muchezo. Mutu mwenye kasirani, mwenye kulewa, ao mwenye kutaka kurudisha ya jana, hawezi kuacha.

Tarehe 2 ya mwezi wa munane 1876, Hickok aliingia bar ya Nuttal na Mann. Desturi yake ilikuwa kukaa mugongo ukutani. Kiti kile kilikuwa na mutu. Aliomba wabadilishane, akakataliwa. Akili yake ilimuonya, lakini meza ilimuita. Akakaa. Jack McCall, aliyepoteza pesa mbele yake siku iliyopita, akaja nyuma yake, akamupiga risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 39. Inasemwa alishika ase mbili na nane mbili, zote nyeusi. Mpaka leo wachezaji wanaziita karata za maiti.

Wachimbaji walimuhukumu McCall kesho yake, wakamuachilia. Lakini kambi ile haikuwa na sheria, basi akahukumiwa tena Yankton, akanyongwa tarehe 1 ya mwezi wa tatu 1877.

Wandugu, kule Mangurujipa na ku machimbo ingine, tunaona muchimbaji anapima zahabu yake saa kumi, na saa nne ya usiku hana hata ya kununua sombe. Bibi na watoto wanangoja Butembo ama Beni. Hatusemi karata ni shetani. Tunasema hivi: tuma kwanza pesa ya nyumbani. Ukiwa umechoka, umekunywa, ao una hasira ya jana, usikae. Na kama roho inakukatalia kiti, toka. Meza haikufungi miguu. Hickok alikuwa na mukono kushinda wote pale. Siku ile, mukono haukumusaidia kitu.