Christiaan Barnard: muganga aliyelaza moyo ili aupone

Wasikilizaji wetu wa Likasi, Kambove na kwingineko, leo tunazungumuza juu ya muganga wa Afrika ya Kusini ambaye jina lake lilivuma dunia nzima. Wengi wanamujua kwa kubadilisha moyo wa mtu. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza mioyo iliyoharibika, pamoja na valvu zake, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma.

Christiaan Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 huko Beaufort West. Baba yake alikuwa muhubiri. Ndugu yake mumoja, Abraham, alikufa angali mutoto kwa ugonjwa wa moyo.

Wakati ule kufungua moyo ilikuwa shida kubwa. Muganga hawezi kushona vizuri kitu kinachorukaruka na kujaa damu. Akiusimamisha, ubongo unakufa kwa dakika chache. Mwishoni mwa 1955, Barnard alienda Minnesota, Marekani. Huko alijifunza mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu. Aliporudi Cape Town mwaka 1958, alianza kuitumia katika hospitali ya Groote Schuur. Baadaye alitengeneza hata valvu ya bandia.

Sasa, mashine inalinda mwili. Nani analinda moyo wenyewe? Nao ni nyama, unahitaji damu. Jibu la kwanza ni baridi: moyo uliopozwa unahitaji kidogo, kwa hiyo unavumilia. La pili ni potasiamu. Mwaka 1955 Denis Melrose, muzaliwa wa Cape Town aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba inaweza kuulaza moyo. Kipimo chake kilikuwa kikali, kikaumiza misuli, waganga wakakiacha. Miaka ya 1970 dawa ilirudi ikiwa imepunguzwa nguvu, na mpaka leo inatumika.

Tarehe 3 Desemba 1967, Barnard alimupa Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, msichana aliyegongwa na gari. Moyo ule ulipozwa, ukashonwa, ukaanza tena kupiga. Mugonjwa aliishi siku 18, akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Moyo haukumuangusha.

Mwaka 1983 Barnard aliacha upasuaji sababu vidole vyake vilishikwa na ugonjwa wa viungo. Alikufa tarehe 2 Septemba 2001 huko Cyprus.

Kutoka Likasi, njia ya kufikia operesheni ya valvu ni ndefu, na bei yake ni nzito kwa jamaa. Lakini wazazi, sikieni: valvu nyingi za watoto wa Afrika zinaharibika kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Vijidudu vya koo vinaleta homa ya viungo, na homa ile inakula valvu pole pole. Penisilini inaweza kukata njia hiyo mapema. Mutoto akilia koo na homa, mupeleke kwenye kituo cha afya. Ulinzi wa moyo unaanzia pale.